Sheria nne za 1798: Marekani ilivyofunga watu kwa maneno, na ile moja iliyobaki hai

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi kwetu Tanga ila sasa hivi naishi Ohio, nina grini kadi, huu mwaka wa tatu. Kazini kuna jamaa walikuwa wanabishana kuhusu sheria ya mwaka 1798 ya kufukuza wageni, mmoja akadai sheria hiyohiyo ndo iliwahi kuwafunga watu kwa kumsema rais. Mimi nilivyosoma, Katiba yao inalinda uhuru wa kusema tangu mwanzo. Ukweli ni upi? Na hiyo sheria inaweza kunigusa mimi nikiandika mambo ya siasa?"

Marahaba dada. Huyo jamaa wa kazini kwako amepatia nusu. Sheria zilikuwa nne, sio moja, na zote zilisainiwa ndani ya wiki nne tu, kuanzia tarehe 18 Juni mpaka 14 Julai 1798, ndo maana watu wanazichanganya. Ile iliyofunga watu kwa maneno ilishakufa zamani sana. Iliyobaki hai mpaka leo ni nyingine, tena ile ambayo wakati ule karibu hakuna aliyeipigia kelele, na hapo ndo nataka tuelewane vizuri kwa sababu ndo penye jibu la swali lako.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Rais ni John Adams, wa chama cha Federalist, na Makamu wake ni Thomas Jefferson ambaye ni kiongozi wa wapinzani. Ndiyo, Rais na Makamu walikuwa vyama viwili tofauti, kwa sababu kwa utaratibu wa wakati ule anayeshika nafasi ya pili kwenye uchaguzi ndo anakuwa Makamu. Ufaransa iko kwenye mapinduzi na inapigana na Uingereza, meli za Kifaransa zinakamata meli za biashara za Marekani, Adams anatuma wajumbe watatu Paris kwenda kusuluhisha, na mawakala wa Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, wanawaambia hamuonani naye mpaka mtoe hongo, dola 250,000, na mkopo mkubwa kwa serikali juu yake. Habari zilipochapishwa Aprili 1798 nchi nzima ikawaka hasira. Vita havikutangazwa rasmi ila baharini walipigana kwelikweli mpaka 1800.

Sasa ukiwa na chama tawala, na wananchi wamepandwa na hasira dhidi ya nchi ya nje, na wapinzani wako wanajulikana kuwa na huruma na nchi hiyo, jaribu lake ni kubwa. Federalist walianza kuwaita wapinzani vibaraka wa Ufaransa. Na wapinzani walikuwa na nguvu mbili ambazo Federalist waliziogopa: magazeti yao, na wahamiaji. Waayalandi waliokuwa wanakimbia utawala wa Waingereza, Wafaransa, Waskoti wenye siasa kali, hawa wakishapata uraia wengi walikuwa wanampigia kura Jefferson, tena baadhi yao ndo walikuwa wahariri wa hayo magazeti yenyewe. Mbunge mmoja wa Massachusetts, Harrison Gray Otis, alisema waziwazi bungeni kwamba hataki kualika makundi ya Waayalandi wakorofi. Kwa hiyo usizione sheria hizi kama za wageni upande mmoja na za magazeti upande mwingine. Zilikuwa mpango mmoja. Unamziba mdomo anayeandika, na unamzuia yule atakayesoma halafu akapige kura.

Ya kwanza ilikuwa ya uraia. Kabla yake mgeni alihitaji kukaa miaka 5 ndo aombe uraia, wao wakapandisha mpaka 14, na wakataka kila mgeni anayeingia ajiandikishe ndani ya saa 48. Miaka 14 maana yake chaguzi tatu za urais zinakupita unaangalia tu. Na hapa nikuambie kitu ambacho mara nyingi kinarukwa: hata hiyo miaka 5 ya mwanzo haikuwa ya mtu kama mimi na wewe. Tangu 1790 sheria ilisema uraia wa kuomba ni kwa watu weupe walio huru. Mwafrika alifunguliwa mlango huo mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utumwa kuisha. Kwa hiyo tunapozungumzia haki za wahamiaji za 1798 tunazungumzia ugomvi wa Wazungu kati yao, huku mamia ya maelfu ya watu weusi wakiwa watumwa, hawamo kwenye hesabu kabisa.

Ya pili ilimpa rais mamlaka ya kumfukuza mgeni yeyote anayemuona ni hatari, hata wa nchi isiyo na ugomvi na Marekani, bila mahakama, bila kusikilizwa. Ilikuwa ya miaka miwili. Adams hakumfukuza mtu rasmi kwa sheria hii, na watetezi wake wanapenda kuishia hapo, ila sheria ya namna hii haihitaji kutumika ili ifanye kazi. Wafaransa wengi walifunga mizigo wenyewe wakaondoka, akiwemo Moreau de Saint-Méry ambaye alikuwa na duka la vitabu Philadelphia. Mtu hajui kama jina lake liko kwenye orodha, anafunga duka anapanda meli, na kwenye kumbukumbu za serikali inasomeka hakufukuzwa mtu.

Ya tatu ni ya wageni maadui. Iache kwanza, nitairudia.

Ya nne ndo ya uchochezi, na ilipita bungeni kwa kura 44 kwa 41. Ilisema ukiandika, ukichapa au ukitamka kitu cha uongo, cha kashfa na cha nia mbaya dhidi ya serikali, dhidi ya Bunge la Kongresi au dhidi ya Rais, kwa lengo la kuwachafua au kuwafanya wananchi wawachukie, faini mpaka dola 2,000 na jela mpaka miaka miwili. Angalia vizuri nani ametajwa hapo. Rais yumo, wabunge wamo. Makamu wa Rais hayumo! Yaani Jefferson ungemtukana unavyotaka. Halafu angalia mwisho wake, waliandika wenyewe kwamba itakufa tarehe 3 Machi 1801, siku ya mwisho kabisa ya muhula wa Adams, ili kama wakishindwa uchaguzi wapinzani wasije wakawageuzia silaha hiyohiyo. Mimi nimefundisha historia hii kwa muda mrefu na sijaona ushahidi mwingine wa nia unaoushinda huo, hauhitaji barua ya siri wala shahidi, umo ndani ya sheria yenyewe.

Sasa unauliza Katiba ilikuwa wapi. Ilikuwepo. Rekebisho la Kwanza, lile linalosema Kongresi isitunge sheria ya kupunguza uhuru wa kusema wala wa magazeti, liliridhiwa 1791, miaka saba tu kabla. Federalist walijibu kwa hoja waliyoirithi kutoka Uingereza: uhuru wa magazeti maana yake hakuna kibali kabla ya kuchapa, ila ukishachapa, jiandae kujibu mahakamani. Walijiona hata ni wapole, kwa sababu sheria yao iliruhusu mshtakiwa kujitetea kwa kuthibitisha kwamba alichosema ni kweli, kitu ambacho sheria ya kale ya Uingereza haikuruhusu. Mawazo haya ya Kiingereza sisi tunayajua, yalikuja na kwetu na ukoloni. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya makala aliyoandika kwenye Sauti ya TANU kuhusu mabwana shauri wawili, yaani wakuu wa wilaya wa kikoloni, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa faini. Mti ni ule ule, matawi tofauti.

Na huko kujitetea kwa ukweli kulikuwaje? Tumchukue Matthew Lyon. Mzaliwa wa Ayalandi, aliingia Amerika akiwa kijana kwa mkataba wa kumtumikia mtu ili kulipia nauli ya meli, mpaka akawa mbunge wa Vermont. Hakuwa mtu mpole. Januari 1798 alimtemea mate usoni mbunge mwenzake Roger Griswold ndani ya ukumbi wa Bunge, wiki mbili baadaye Griswold akaja na fimbo akamchapa akiwa amekaa kwenye kiti chake, Lyon akakimbilia koleo la moto, wakapigana mbele ya wabunge wote. Federalist walimchukia huyu bwana kupita kiasi. Mwezi Juni aliandika barua kwa gazeti akisema kwamba chini ya Adams maslahi ya wananchi yamemezwa na uchu wa madaraka, na kiu isiyo na mwisho ya mbwembwe za kipuuzi, sifa za kijinga na ubinafsi. Aliiandika kabla sheria haijasainiwa, ikachapwa mwisho wa Julai sheria ikiwa tayari. Ikawa kesi.

Kesi ilisikilizwa Oktoba, Rutland huko Vermont, chini ya Jaji William Paterson wa Mahakama Kuu ya nchi, maana majaji wale walikuwa wanazunguka mikoani kusikiliza kesi. Lyon alijitetea mwenyewe, akasema sheria inavunja Katiba, jaji akawaambia juri, yaani raia walioitwa kuamua kesi, wasilishughulikie hilo. Basi Lyon akamgeukia jaji mwenyewe, akamuuliza: si umewahi kula chakula kwa Rais, hukuziona hizo mbwembwe? Jaji akajibu hapana, nimeona maisha ya kawaida tu. Akamuuliza tena, kwani pale kwa Rais hakuna watumishi wengi kuliko hapa kwenye nyumba ya wageni ya Rutland? Jaji hakujibu. Dada, hapo ndo utaona ubovu wa hiyo kinga ya ukweli. Utathibitishaje mahakamani kwamba mtu ana mbwembwe? Maneno mengi ya siasa ni maoni, na maoni hayana risiti. Miaka miwili baadaye kwenye kesi ya Thomas Cooper, Mwingereza aliyekuwa anaandika Pennsylvania, Jaji Samuel Chase alimtaka athibitishe kila neno mpaka kwenye uboho, Cooper akapata jela miezi sita na faini dola 400.

Lyon alipewa miezi minne na faini ya dola 1,000. Alifungwa Vergennes, kwenye chumba ambacho yeye mwenyewe alikieleza kwenye barua: kama futi 16 kwa 12, choo kiko kona moja humohumo ndani, harufu yake akaifananisha na gati za Philadelphia mwezi wa Agosti. Akiwa humo humo ndani uchaguzi ukafika, akagombea, na wananchi wa Vermont wakamchagua tena. Wafuasi wakachanga faini, Februari 1799 akatoka akaenda moja kwa moja bungeni, Federalist wakajaribu kumfukuza wakakosa theluthi mbili. Mwaka 1840, yeye ameshafariki siku nyingi, Kongresi ilirudisha ile faini kwa warithi wake pamoja na riba.

Wengine hawakuwa hata wanasiasa. Luther Baldwin wa Newark alikuwa amelewa siku Adams anapita mjini, mizinga inapigwa kumpa heshima, mtu akasema wanampigia mizinga lakini ameshapita, Baldwin akajibu kwamba yeye hajali hata wakimpiga nayo matakoni. Akashtakiwa kwa uchochezi, akalipa faini. David Brown, mtu wa kuzungukazunguka vijijini Massachusetts akihubiri siasa, alihusishwa na mlingoti uliosimamishwa Dedham wenye maandishi ya kupinga sheria hizi na kodi ya ardhi, akapewa miezi 18, kifungo kirefu kuliko chochote kilichotolewa kwa sheria hiyo. Naye Benjamin Franklin Bache, mjukuu wa yule Benjamin Franklin mkubwa na mhariri wa gazeti la Aurora, walikuwa na haraka naye kiasi kwamba walimkamata Juni, kabla sheria haijapita, kwa kutumia sheria ya kale ya Kiingereza. Hakufika hukumuni, homa ya manjano ilimuua Septemba akiwa na miaka 29.

Ilikufaje sheria hii? Mahakama haikuifuta. Majaji ndo walikuwa wanawafunga watu, ungemkatia nani rufaa. Jefferson na mwenzake wa upinzani James Madison waliandika kwa siri maazimio ambayo mabunge ya Kentucky na Virginia yaliyapitisha mwisho wa 1798 kusema sheria hizi hazina nguvu kikatiba, majimbo mengine hayakuwaunga mkono, na hoja ya Jefferson kwamba jimbo linaweza kuikataa sheria ya taifa ilikuja kutumiwa vibaya sana na watetezi wa utumwa baadaye, kwa hiyo mimi huyo Jefferson simpambi. Kilichoiua ni kura. Kadiri walivyofunga wahariri ndivyo magazeti ya upinzani yalivyozidi kuongezeka, Adams akashindwa uchaguzi wa 1800, Jefferson na mgombea mwenza wa chama chake Aaron Burr wakalingana kura 73 kwa 73, Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36 ndo Jefferson akapita, na mmoja wa wabunge walioisogeza Vermont upande wake siku hiyo alikuwa Matthew Lyon. Jefferson akawasamehe waliokuwa wamefungwa, na 1802 uraia ukarudishwa miaka 5. Mahakama Kuu yenyewe ilikuja kuisema sheria ya uchochezi mwaka 1964, kwenye kesi ya New York Times na Sullivan, Jaji Brennan akaandika kwamba haikuwahi kupimwa pale mahakamani ila mashambulizi dhidi yake yalishashinda kwenye mahakama ya historia.

Sasa turudi kwenye ile ya tatu. Sheria ya Wageni Maadui ya tarehe 6 Julai 1798 haikuwa na tarehe ya kufa. Inasema kukiwa na vita vilivyotangazwa kati ya Marekani na nchi nyingine, au nchi au serikali ya nje ikivamia Marekani, ikijaribu au ikitishia kuvamia, rais anaweza kuwakamata, kuwazuia na kuwaondoa raia wa nchi hiyo. Mwanzoni ilikuwa wanaume wa miaka 14 kwenda juu, wanawake waliongezwa 1918. Haijali umefanya nini, inaangalia umetoka wapi. Wapinzani waliopigana mpaka jasho likawatoka kwenye ile ya uchochezi, hii wengi wao waliiunga mkono, waliona ni sheria ya kawaida ya vita. Na mgeni hapigi kura, hakuna aliyeogopa kuangushwa kwa ajili yake. Ndo maana iko hai mpaka leo.

Ilitumika kwa Waingereza vita vya 1812, kwa Wajerumani vita vya kwanza vya dunia, na kwa Wajapani, Wajerumani na Waitaliano vita vya pili. (Wajapani wa kule pwani ya magharibi, wale kama 120,000 waliopelekwa makambini, wengi walikuwa raia wa Marekani kabisa na waliondolewa kwa amri nyingine ya rais, watu huzichanganya.) Mwaka 1948 Mahakama Kuu ilikubali, kwa majaji 5 kwa 4, kwamba Mjerumani mmoja aitwaye Ludecke anaweza kuondolewa kwa sheria hii hata kama mapigano yalikwisha miaka mitatu nyuma. Halafu Machi 2025 Rais Trump akaitumia pasipo vita vilivyotangazwa, dhidi ya Wavenezuela walioambiwa ni wa genge la Tren de Aragua, zaidi ya 130 wakapelekwa kwa ndege jela ya El Salvador. Tarehe 7 Aprili Mahakama Kuu ikasema wanaolengwa na sheria hii lazima wapewe taarifa na muda wa kutosha kwenda kwa jaji wa pale walipozuiliwa. Kama genge linaweza kuhesabiwa kuwa uvamizi wa nchi, hilo ndo limegombaniwa mahakamani tangu hapo.

Kwako wewe dada. Ilivyoandikwa, sheria hii inadai Marekani iwe na vita na nchi yako ya asili, au nchi hiyo iivamie Marekani, na Tanzania haina vita na Marekani, kwa hiyo jamaa zako kazini wasikutishe na hiyo. Kuhusu kuandika siasa, Mahakama Kuu ilisema 1945 kwenye kesi ya Harry Bridges, Mwaustralia kiongozi wa makuli wa bandarini, kwamba mgeni anayeishi nchini ana uhuru wa kusema. Ila 1952 mahakama hiyohiyo ikaruhusu wageni wafukuzwe kwa sababu waliwahi kuwa Wakomunisti, kwa hiyo ulinzi upo lakini una matundu. Tundu la siku hizi limo kwenye sheria ya uhamiaji ya 1952 na marekebisho yake, kuna kifungu kinachompa Waziri wa Mambo ya Nje nguvu ya kusema kuwepo kwako kunaathiri siasa ya nje ya nchi, na kama sababu ni maneno yako halali inabidi yeye mwenyewe binafsi aamue hivyo. Kifungu hicho kilitumika Machi 2025 kumkamata Mahmoud Khalil, aliyekuwa mwanafunzi wa Columbia, mwenye grini kadi kama wewe. Kwa hiyo ukiogopa, ogopa hicho kuliko cha 1798, na ukipata barua yoyote ya uhamiaji usiijibu peke yako, tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni, sio mtu wa kujaza fomu tu.

Na hiyo miaka mitano ya grini kadi unayohesabu ili uombe uraia ndo ileile ambayo Federalist waliifanya 14 ikarudishwa 1802. Huna haja ya kusubiri itimie kabisa: fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, unaruhusiwa kuipeleka siku 90 kabla, mradi hujasafiri nje muda mrefu ukaharibu hesabu ya ukaazi wako. Ukishaapa kuwa raia, kile kifungu cha waziri hakikuhusu tena, na unaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura kuanzia siku hiyohiyo.